Wote Wanasema Kijani cha Boga

Jumatatu, 8 Aprili

Nimeshinda! Pendekezo langu limepita kwenye mkutano wa klabu, kura kumi na nne kwa tatu. Kuanzia mashindano ya Jumamosi hii, timu itakayoshinda itakalishwa kwenye mashine ya kupima uongo kabla ya kukabidhiwa chochote. Nilipiga kura kwa mikono yote miwili. Mwenyekiti, Bwana Hubbard, akaniambia mkono mmoja unatosha.

Wakati wa kura nilimkazia macho Coy Pettus. Coy ndiye mpeleka barua wetu. Ameshinda mara tatu mfululizo, na kila mara anatabasamu. Leo naye akanyoosha mkono kuniunga mkono. Akatabasamu! Mtu asiye na hatia anatabasamia nini? Nimeandika.

Kanuni ya zamani iko palepale: kuanzia leo saa sita mchana hadi Jumamosi, mshindani haruhusiwi kumuuliza mtu yeyote habari za samaki wa Ziwa Hatchalee, isipokuwa mwenzake wa boti. Niliomba isomwe mara mbili, kwa faida ya wengine.

Sasa niandike mambo yalivyo. Mimi sina boti. Nina kiti. Kiti cha nyuma kwenye boti ya Rayford Cagle, shemeji yangu, kaka wa mke wangu Nadine. Miaka tisa nimekikalia. Mwezi uliopita nilibadilisha chambo mara arobaini na moja kwa siku moja, nikanasa ndoana kwenye kofia ya Rayford, tukarudi na samaki wawili. Rayford akaniambia kwa upole kwamba tukikosa tena kwa ajili ya sarakasi zangu, atatafuta mtu mwingine wa kukaa nyuma. Kwa upole! Angefoka nisingeogopa. Yeye ana miaka ishirini na miwili anatafuta nafasi ya kwenda kwenye fainali za jimbo, na zawadi ya Jumamosi ni nafasi mbili za fainali. Na mimi nikikosa kiti kile, nitabaki kuvulia ukingoni pamoja na watoto wa Shule ya Jumapili.

Baada ya mkutano Rayford akanivuta kando pale kwenye maegesho. Akaniambia, bila kuulizwa, chambo anachotumia: mnyoo wa plastiki laini, inchi tano, rangi ya kijani cha boga, ndoana moja katikati ya tumbo, bila chubwi ya kuuzamisha. Unautupa karibu na nguzo za magati. Halafu hufanyi kitu. Unauacha uzame wenyewe.

Machale yakanicheza hapohapo.

Klabu hii hakuna mtu anayetaja chambo chake. Muulize yeyote ametumia nini, atakujibu "kijani cha boga" huku anaangalia mawingu. Ndiyo adabu yetu. Maana yake, kamuulize mama yako. Na leo Rayford, damu moja na mke wangu, ananipa mimi jibu la mpita njia!

Kuna kitu ananificha. Nitakijua kabla ya Jumamosi.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekwenda dukani kwa Bi Wilma, pale kando ya gati. Nikachukua na keki ya siagi ya Nadine, zawadi tu. Sikumuuliza kitu. Kanuni ni kanuni. Nilisimama mbele ya ule ukuta wake wa chambo za plastiki nikawaza kwa sauti.

Ukuta una kila kitu. Minyoo, mijusi, kamba wa mtoni, na madude yenye miguu minane ambayo Mungu hakuyaumba. Rangi labda mia mbili. Nikawaza kwa sauti kwamba ingependeza kama mtu angejua Rayford amenunua nini wiki hii. Bi Wilma akala kipande cha keki. Nikawaza tena, sauti ya juu kidogo. Akafuta mdomo, akasema Rayford hununua pakiti tatu za kijani cha boga kila masika, tangu marehemu mume wake Bi Wilma akiwa hai, na kwamba nami nichukue pakiti mbili, niende zangu nyumbani nikapumzike.

Amenunuliwa, mama wa watu! Kwa bei gani, sijui.

Nilitoka na pakiti kumi na nne. Zambarau yenye chembechembe, tikitimaji jekundu, maziwa, samawati ya kuungua, na aina mpya inayovutika: unaishika ncha, unavuta mpaka kwenye kiwiko, haikatiki. Ya kijani cha boga sikuchukua hata moja. Mimi si mtoto wa juzi.

Mlangoni nikapishana na Coy Pettus. Akanunua pakiti moja, akaitia mfukoni chapuchapu. Akaniamkia. Akauliza Nadine hajambo. Nadine anamhusu nini? Nikapanda gari nikamfuata. Nilimfuata saa mbili nzima, na niliyoyaona yanatisha. Anasimama kila nyumba! Anaingiza mkono kwenye sanduku, anautoa, anaondoka. Nyumba thelathini na sita. Ya thelathini na saba ilikuwa yangu. Ameacha kijarida cha mbegu za bustani. Nimekipekua ukurasa kwa ukurasa, sijaona alama yoyote. Ni mjanja.

Nadine anauliza keki yake imekwenda wapi.

Jumatano, 10 Aprili

Mpango wa leo: kuingia bandani kwa Rayford na kuona kwa macho yangu. Kisingizio: ninarudisha ngazi yake, niliyoiazima wakati wa Krismasi.

Boti ilikuwa imefunikwa turubai. Nikaingia chini ya turubai. Nikafungua sanduku lake la chambo. Kijani cha boga. Nikafungua droo ya pili. Kijani cha boga. Ya tatu, vilevile, pamoja na ndoana za ukubwa mmoja na mikebe miwili ya soseji ndogo. Basi! Miaka arobaini mtu anavua, ana rangi moja tu! Hakuna mvuvi wa namna hiyo chini ya jua. Nikaelewa kwamba sanduku hili ni la kudanganyia. Lile lenyewe amelificha kwingine.

Nilipokuwa nimelala kifudifudi nikichungulia chini ya sakafu ya boti, turubai likafunuliwa. Rayford. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta ngazi yake. Akaitazama ngazi. Nilikuwa nimeikumbatia.

Hakukasirika. Akakaa kwenye ndoo, akaniambia hivi, nanukuu: "Shemeji, ukitaka kujua kitu, si uniulize tu? Mimi ndiye mwenzako."

Maneno hayo hayakuja yenyewe. Mtu amekaa akayapanga.

Alhamisi, 11 Aprili

Asubuhi nilikwenda kwa Mzee Truett, karibu na bwawa. Zamani alikuwa akiongoza wageni kuvua, kabla macho hayajafifia. Nilimpelekea karanga za kuchemsha, moto kabisa. Sikumuuliza kitu! Nimebuni mbinu. Unamwambia mzee jambo la uongo, unakaa kimya, yeye mwenyewe anakurekebisha, maana wazee hawavumilii kosa. Nikasema samaki wote wako kwenye kina kirefu. Mzee akaruka. Akasema kina kirefu wapi, maji yamepata joto, samaki hawa wa besi wamekuja kutaga ukingoni, wako chini ya magati. Nikasema basi hakika hawataki kijani cha boga. Akasema hawajawahi kutaka kitu kingine tangu bwawa lijengwe, na kama nimekuja kumpotezea muda niache karanga niondoke.

Watatu sasa. Rayford, Bi Wilma, Mzee Truett. Neno moja midomoni mwa watu watatu! Mtu amepita nyumba kwa nyumba akiwafundisha. Na ni nani kazi yake kupita nyumba kwa nyumba? Nikihesabu vizuri, nyumba thelathini na saba.

Rayford na Coy wanakula njama. Coy anataka kiti changu. Kila kitu kinaingiliana.

Nimetulia, nimeandaa zana. Fimbo saba. Nimesumbuka sana na uzi. Uzi mnene samaki anauona, mwembamba anaukata. Nikaweka mnene kwenye fimbo tatu, mwembamba kwenye tatu. Ya saba nimeunganisha nusu kwa nusu kwa fundo, ili besi aone nusu tu.

Chambo nacho nimepanga kitaalamu. Nimetoa vipande viwili kutoka kila pakiti, vyote kwenye sanduku moja, nisipoteze muda wa kufungua pakiti. Nimeliacha kwenye dashibodi ya gari, juani, vilainike. Plastiki laini ikilainika zaidi inacheza zaidi. Hilo Rayford halijui.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimehujumiwa!

Nimefungua sanduku na nimekuta bonge. Moja tu. Vipande ishirini na vinane vimeyeyuka vikawa kitu kimoja, ukubwa wa ngumi, rangi zote, jicho la mjusi limechomoza upande. Kinanata. Kimekula na sanduku lenyewe kwa chini. Tindikali! Nilijua Coy atafika mbali, lakini tindikali!

Nikampelekea Nadine ushahidi jikoni. Alikuwa anakanda mkate wa mahindi. Hata hakushtuka. Akachukua pakiti ya ile aina inayovutika, akaigeuza, akanisomea kwa nyuma: usichanganye na plastiki nyingine, zitayeyuka. Imeandikwa kwa herufi nyekundu.

Nikamuuliza nani husoma nyuma ya pakiti. Akasema wanawake.

Halafu akakaa chini, mikono ina unga, akaniambia neno. Akasema kaka yake hajapata kusema uongo tangu azaliwe, na ndiyo maana hana marafiki. Shangazi yao aliwahi kumuuliza kama gauni lake linampendeza, hawakuongea miaka sita. Akasema Rayford ananipenda na ananiogopa, na kesho nitupe mnyoo nilioambiwa, ninyamaze, nimshikie wavu. Akasema amechoka kuwa katikati yetu. Machozi yalimlenga.

Nilimpa pole. Nilimuahidi. Namaanisha kabisa. Lakini nimepakia hizi pakiti zilizobaki, kwa tahadhari tu.

Bonge nalo nimelibeba. Ni ushahidi.

Jumamosi, 13 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Boti kumi na saba, ukungu juu ya maji. Rayford alikuja na fimbo moja na pakiti moja. Mimi na saba, na masanduku mawili, na lile bonge. Akaangalia, akawasha injini. Tukaenda moja kwa moja kwenye magati ya zamani upande wa mashariki.

Mtupo wa tatu Rayford akapata. Mnyoo umezama taratibu, ncha mbili zinatikisika, uzi ukajongea kando kidogo, basi. Besi wa ratili nne, mgongo wa kijani, mdomo mpana kama mfuko wa shati. Nikamtia kwenye wavu bila kumgusa mkia. Hapo lazima niseme ukweli: kwa wavu sina mpinzani. Rayford mwenyewe anasema hivyo. Tukamweka kwenye tangi la boti, mzima, maana samaki akifa tunakatwa wakia.

Kufika saa nne alikuwa na watatu. Mimi nimeshajaribu mjusi wa zambarau, kamba wa tikitimaji, na dude la miguu minane. Wapi! Rayford akatoa mnyoo mmoja, akanipa mkononi. Akasema tupa, halafu hesabu mpaka thelathini, usitikise fimbo. Nikauonja kwanza, nijue kama umepakwa kitu. Una chumvi. Nikauliza kwa nini una chumvi. Akasema yote ina chumvi, shemeji, tupa.

Nikatupa. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Hakuna jambo gumu duniani kama kutofanya kitu huku mtu anakuangalia usivyofanya. Kwenye nne nilijiuliza kwa nini thelathini. Kwa nini si ishirini? Anafanya nini nyuma yangu katika sekunde hizo thelathini? Kwenye tisa nikageuka kumtazama, na kwa kugeuka nikavuta. Maji yakapasuka. Samaki mkubwa ajabu, zaidi ya ratili sita, akageuka upande akarudi chini. Alikuwa njiani kuja. Niliona tumbo lake.

Rayford akafumba macho, akafumbua. Akasema hakuna neno.

Saa nane mchana alikuwa na watano, ndio kikomo cha boti moja, wote wake. Nikawatia wote kwenye wavu. Tukarudi gatini. Mwenyekiti akaweka mfuko wetu kwenye mizani: ratili ishirini na moja na wakia nne. Coy Pettus na mwenzake: ishirini na moja na wakia moja. Wakia tatu!

Rayford akavua kofia. Mtu mzima yule, miaka sitini na moja, magoti mabovu, akasimama pale kofia mkononi. Akanikumbatia. Akaniambia, "Shemeji, tumefika." Nadine alikuwa analia kwenye nyasi. Nami nililia. Siku hiyo ingeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Alabama.

Halafu mwenyekiti akasema mashine iko tayari.

Meza, kiti, na mama mmoja mstaafu wa polisi, mwenye miwani. Rayford alitangulia. Wakamfunga mkanda kifuani na waya vidoleni. Wakamuuliza kila kitu, hadi chambo. Akasema kijani cha boga. Mama akaitazama karatasi akasema tangu aanze kazi hajaona mistari iliyonyooka vile. Mimi nikapata baridi. Kumbe shemeji yangu anaweza kuidanganya hata mashine!

Nikakaa mimi. Akaniuliza kama jina langu ni Verlon Tidmore. Nikamuuliza kwa nini anataka kujua. Kalamu ya mashine ikaruka. Akaniuliza kama samaki wote wamevuliwa leo ziwani. Nikasema ndiyo. Kalamu ikatulia. Halafu akauliza: tangu Jumatatu saa sita, umemwendea mtu yeyote asiyekuwa mwenzako wa boti kutafuta habari za samaki wa ziwa hili?

Nikasema hapana.

Kalamu ilitoka nje ya karatasi. Iliandika kwenye meza.

Nikajieleza. Nikasema kuuliza ni kuuliza, na kuwaza kwa sauti ni kuwaza. Nikaeleza mbinu ya uongo na urekebisho. Nilieleza vizuri sana, kwa mifano, nikataja na keki. Nilipoinua macho watu wote walikuwa wakimtazama Bi Wilma. Bi Wilma akaulizwa. Akasema keki ilikuwa nzuri, maskini, na akaangalia chini.

Tumefutwa. Nafasi mbili za fainali kachukua Coy na mwenzake. Coy hakutabasamu. Ni mara ya kwanza namwona hatabasamu, na hilo nalo lina maana yake.

Rayford alitembea mwenyewe mpaka majini akawaachia samaki wake, mmoja mmoja. Akanirudisha nyumbani kwa gari lake. Maili kumi na moja, macho barabarani. Pale langoni akazima injini akaniambia, "Mimi ndiye uliyeruhusiwa kuniuliza. Mtu mmoja tu ulimwenguni. Na hata hukuhitaji kuniuliza, nilikwambia." Halafu akasema nitafute mahali pengine pa kukaa nikitaka kuvua.

Jumapili, 14 Aprili

Kanisani Rayford alikaa safu ya mbele upande wa pili. Hakugeuka. Nadine alikaa naye.

Nyumbani hakuna aliyepika. Nilikula maharage baridi kwenye kopo, nimesimama. Imeniuma. Sioni haya kuandika: imeniuma mno. Miaka tisa nimejua mgongo wa mtu yule kuliko sura yangu mwenyewe. Nimemharibia kitu alichokitafuta miaka ishirini na miwili, na nimekiharibu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ingawa swali la kalamu bado liko. Kalamu gani inaandika mpaka mezani? Yule mama wa mashine anaishi mtaa gani, na nani anampelekea barua?

Jumatano, 17 Aprili

Nimepata barua! Kaileta Coy mwenyewe, kanikabidhi mkononi, hakuitia kwenye sanduku. Ni ya Rayford. Nainakili neno kwa neno: "Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri, gatini kwa Bi Wilma. Njoo wewe tu. Usibebe chochote. Rayford."

Nadine aliisoma, akaweka mkono kinywani. Akasema hii ni kazi yake, amemlilia kaka yake siku tatu. Akasema, "Anakurudisha kwenye kiti chako, bwege wewe! Nenda, uende mikono mitupu, ukae, unyamaze." Akanibusu. Mara ya kwanza wiki hii.

Kiti changu! Nilizunguka meza mara mbili kwa furaha.

Kwenye mzunguko wa tatu nikaanza kufikiri. Rayford anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Kwa nini atume barua? Nadine anasema kaona haya. Sawa. Kwa nini "wewe tu"? Ni nani mwingine ningekuja naye? Na kwa nini "usibebe chochote"? Mtu anayealikwa kuvua haambiwi aje bila fimbo. Anaambiwa hivyo mtu anayeitwa kusimama gatini, mbele ya klabu nzima, atazame mwingine akikalia kiti chake.

Na barua imepita mikononi mwa nani?

Nimemwambia Nadine nitakwenda. Na kweli nitakwenda, ila kwa njia yangu.

Jumamosi, 20 Aprili

Ninaandika haya papo hapo, nyuma ya jokofu la barafu la Bi Wilma. Nimejibanza hapa tangu saa kumi na moja kasoro, na darubini. Sikubeba fimbo, kwa hiyo nimetii.

Saa kumi na moja na robo: Rayford kafika. Yuko peke yake. Kateremsha boti majini.

Na ishirini: kafuta kiti cha nyuma kwa kitambaa. Mara mbili. Anamfutia nani?

Na ishirini na tano: katoa fimbo mbili. Mbili! Moja kaiweka nyuma. Mpya, bado ina karatasi ya duka kwenye mpini. Kafunga mnyoo kwenye ile ya nyuma yeye mwenyewe, taratibu, maana macho yake hayaoni vizuri kwenye kiza. Kaweka na wavu kando ya kiti. Vikombe viwili na chupa ya kahawa. Mikate miwili ya soseji, imefungwa.

Na nusu: anaangalia barabara.

Saa kumi na mbili kasoro robo: bado anaangalia barabara. Kala mkate mmoja. Wa pili kaufunga upya.

Saa kumi na mbili kamili: kasimama akaita jina langu. Si kwa kufoka. Kaita "Verlon," halafu kaita "Shemeji." Nilitaka kutoka, haki ya Mungu mguu mmoja ulishatoka. Nikaurudisha. Mtu anajuaje niko karibu kama hakuambiwa?

Saa kumi na mbili na robo: kaondoka. Taratibu sana, anageuka nyuma kila baada ya muda, mpaka kapotea nyuma ya magati ya mashariki.

Kiti cha nyuma kitupu. Hakuna aliyepanda. Hakuna hata mmoja! Coy hakutokea. Klabu haikutokea. Nimekagua maegesho, vichaka, na choo. Kazi safi sana. Mtu anayeficha abiria wake vizuri namna hii, abiria huyo anamngoja ng'ambo. Nitakaa hapahapa mpaka arudi, nione anarudi na nani.

Kile kikombe cha pili amekijaza akakiacha kwenye nguzo ya gati, na mkate umewekwa juu yake kama kifuniko. Bado kinatoa mvuke. Nina njaa na kuna baridi. Sijakigusa. Huwezi kujua ametia nini.